Kielelezo au Mwanamitindo? Historia Fupi ya Matangazo ya Mavazi ya Pikipiki

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii tumeifundisha kwa miaka mingi, na wanafunzi wetu huweza kuitamka hata kabla hawajaifahamu vema. Lakini mtu yeyote anayepita katika barabara za miji yetu ataona kwamba siku hizi vizuri na vibaya vyote hutembezwa. Vimetundikwa juu ya mabango, vimechapwa magazetini, navyo vimevalishwa watu wazuri wa sura waliolipwa ili wavivae. Je, methali imepitwa na wakati, au sisi ndio tusioisoma sawasawa?

Katika makala haya tunakusudia kulitafakari swali hilo kwa kufuata historia ya kitu kimoja, nacho ni koti la mwendesha pikipiki. Tumelichagua koti hili kwa sababu mbili. Kwanza, ni vazi lililozaliwa kwa haja, kwani mwendesha pikipiki akianguka, kinachotenganisha ngozi yake na barabara ni nguo aliyovaa. Pili, ni vazi ambalo kwa miongo mingi limetangazwa kwa sura za watu wa kila namna: washindani wa mbio, waigizaji wa filamu, wanamitindo wa kulipwa, na hata marehemu. Kwa hiyo mtu akitaka kujua jinsi tangazo la biashara linavyofanya kazi, hapa atapata mfano ulio wazi.

Maneno mawili ya kuanzia

Kabla hatujaingia katika historia yenyewe, yafaa tupambanue maneno mawili. Kiingereza hutumia neno moja kwa mtu anayestahili kuigwa na kwa mtu anayelipwa ili aonyeshe nguo. Kiswahili, kwa bahati njema, kimewatenga. Yule wa kwanza tunamwita kielelezo, au kigezo. Yule wa pili tunamwita mwanamitindo, yaani mtu ambaye kazi yake ni kuvaa na kuonekana. Mwalimu mwema ni kielelezo kwa wanafunzi wake hata kama shati lake limechujuka. Mwanamitindo naye huweza kuifanya kazi yake vizuri sana pasipo kujua chochote juu ya matumizi ya nguo aliyoivaa.

Hatusemi hivyo kwa kumdharau mwanamitindo. Kazi yake ni halali, nayo ina ufundi wake: ajue kusimama, kugeuka, kuupokea mwanga, na kulifanya pindo la nguo lionekane kama fundi alivyolikusudia. Tunalolisema ni kwamba kuonyesha vazi na kulishuhudia vazi ni kazi mbili, na kwamba mara nyingi tangazo hufaulu pale linapotusahaulisha jambo hilo.

Kazi hii ya uanamitindo nayo ina asili yake. Mjini Paris, Mwingereza Charles Frederick Worth, aliyefungua nyumba yake ya ushonaji mwaka 1858, aliwaonyesha wateja nguo zikiwa zimevaliwa na watu hai. Mkewe, Marie Vernet, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifanya kazi hiyo. Mjini New York, John Robert Powers alifungua wakala wa wanamitindo mwaka 1923, na mwaka 1946 Eileen na Gerard Ford wakaanzisha wakala wao. Kuanzia hapo mwenye kiwanda aliweza kukodi sura ya mtu kama anavyokodi gari la kusafirishia bidhaa zake.

Vazi lilivyozaliwa

Pikipiki ya kwanza kuundwa kwa wingi na kuuzwa ilitoka katika kiwanda cha Hildebrand na Wolfmüller mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1894. Waendeshaji wa mwanzo hawakuwa na vazi lao wenyewe, bali waliazima kwa wengine: kwa wapanda farasi, kwa madereva wa magari yasiyo na paa, kwa mabaharia, na baadaye kwa marubani.

Historia ya viwanda vyenyewe yathibitisha jambo hili. Mwaka huohuo wa 1894, John Barbour alianza biashara huko South Shields, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, akiwauzia mabaharia, wavuvi na wafanyakazi wa bandarini makoti ya kuzuia maji. Vazi hilo la bahari lilipanda pikipiki mwaka 1936, wakati Duncan Barbour, mjukuu wa mwanzilishi na mwendesha pikipiki mwenyewe, alipotengeneza vazi la pamba iliyotiwa nta kwa ajili ya mashindano ya kimataifa ya siku 6, ambayo ni ya kupita matopeni, mitoni na milimani. Huko Longton, katika jimbo la Staffordshire, kampuni ya Belstaff ilianzishwa mwaka 1924, nayo ikajulikana kwa pamba ya namna hiyo. Mjini London, duka la D. Lewis, lililoanza mwaka 1892, liliwavisha marubani na waendesha pikipiki vilevile.

Ama kwa upande wa Marekani, ndugu wawili, Irving na Jack Schott, walianza kushona makoti mjini New York mwaka 1913. Mwaka 1928 Irving alibuni koti la ngozi la mwendesha pikipiki lenye zipu, akalipa jina la Perfecto, ambalo lilikuwa jina la sigara aliyoipenda. Bei yake ilikuwa dola 5 na senti 50. Katika umbo lililokuja kujulikana duniani kote, zipu ya koti hilo hupita mshazari, ili upande mmoja wa kifua uulalie mwingine na kuuzuia upepo. Mikono yake hufungwa kwa zipu ndogo ili hewa isipenye, na kiuno hukazwa kwa mkanda ili koti lisipande mgongoni mwendeshaji anapoinama. Kila kitu katika koti hilo kilikuwa na sababu yake. Lilikuwa, kwa maneno mengine, chombo cha kazi kama jembe au ngalawa.

Katika miaka hiyo, shahidi mkubwa wa vazi alikuwa mwendeshaji mwenyewe. Timu iliyomaliza siku 6 za mvua na matope ikiwa imevaa koti la kiwanda fulani ilikuwa tangazo tosha. Aliyevaa alikuwa kielelezo, na mnunuzi alikuwa na haki ya kumwamini, kwa kuwa mwendeshaji yule alikuwa amelowa au hakulowa.

Mwigizaji alivaa koti

Mwezi wa Julai 1947, waendesha pikipiki wengi walikusanyika kwa mashindano katika mji mdogo wa Hollister, California. Baadhi yao walilewa wakafanya fujo. Jarida la Life lilichapisha picha ya mtu mnene amekaa juu ya pikipiki, mkononi ana chupa ya bia, na chupa nyingine zimetapakaa chini yake. Miaka mingi baadaye shahidi mmoja aliyekuwapo alisimulia kwamba chupa zile zilikokotwa na kupangwa kwa ajili ya mpiga picha. Ikiwa ushahidi huo ni wa kweli, basi picha iliyotolewa kama habari ilitengenezwa kwa ufundi uleule wa tangazo: mtu akawekwa mahali, vitu vikapangwa kando yake, na msomaji akaachiwa kuhitimisha.

Habari za Hollister ziliwapa watu wa filamu mawazo. Mwaka 1953 ilitoka The Wild One, ambamo Marlon Brando alikuwa kiongozi wa genge la waendesha pikipiki, amevaa koti la aina ya Perfecto, na kofia yenye ukingo ameilaza upande. Wakaguzi wa filamu wa Uingereza waliikataa mwaka 1954, wala hawakuiruhusu hadi mwaka 1967. Waliokuwa wakiingiza pikipiki za Triumph nchini Marekani walilalamika, kwa kuwa Brando aliendesha Triumph na wao hawakutaka bidhaa yao ihusishwe na wahuni. Baadhi ya shule za Marekani ziliwakataza wanafunzi kuvaa makoti ya namna ile.

Itakumbukwa kwamba The Wild One haikuwa tangazo la nguo, ilikuwa hadithi. Hata hivyo ilifanya jambo ambalo matangazo ya miaka 25 hayakulifanya. Koti lililokuwa likiuzwa kama kinga lilianza kutamaniwa na vijana wasiokuwa na pikipiki wala nia ya kuwa nayo. Walichokitaka hakikuwa zipu ya mshazari wala mkanda wa kiuno. Walitaka kuonekana kama yule kijana asiyemjali mtu. Mwigizaji, ambaye kwa kazi yake ni ndugu wa mwanamitindo, alikuwa amekwisha kugeuka kielelezo, na vazi likamfuata.

Baada ya muda usio mrefu, nyumba kubwa za mitindo zilibisha hodi. Mwaka 1960 Yves Saint Laurent, akiwa bado kijana katika nyumba ya Dior mjini Paris, alitoa koti jeusi la ngozi ya mamba lililopambwa kwa manyoya ya thamani, kwa kuiga makoti ya vijana wa pikipiki. Wateja wengi wa nyumba hiyo hawakupendezwa, na mwaka huohuo mbunifu mwenyewe aliitwa jeshini, nafasi yake akaishika mwingine. Lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Koti lilivaliwa na mwanamitindo katika chumba chenye mazulia, mbele ya watu walioketi, na hakuna aliyeuliza kama ngozi ya mamba ingestahimili kuburutwa barabarani.

Watu wema wa Honda

Wajapani nao walikuwa na shida iliyo kinyume. Kampuni ya Honda ilifungua tawi lake Los Angeles mwaka 1959, ikiwa na pikipiki ndogo ya Super Cub iliyotoka mwaka 1958. Wamarekani wengi, wakisikia pikipiki, walimkumbuka Brando na chupa za Hollister. Ndipo mwaka 1963 kampuni ya matangazo ya Grey ilipoitolea Honda kaulimbiu iliyowaambia watu kwamba juu ya Honda mtu hukutana na watu walio wema kuliko wote. Wazo hilo lilikuwa limetoka kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles.

Picha za matangazo hayo, nyingi zikiwa za kuchorwa, zilionyesha wanawake wa nyumbani, wazazi na watoto wao, wanafunzi, na wapenzi waliopakiana. Hakuna hata mmoja aliyevaa ngozi nyeusi. Walivaa sketi, sweta, mashati meupe na viatu vya kawaida. Mauzo yaliongezeka sana, na kampeni hiyo hadi leo hutajwa katika mafunzo ya biashara kama mfano wa tangazo lililobadilisha fikira za taifa.

Hapana budi tuseme ukweli kwamba matangazo haya yaliondoa chuki. Mtu wa kawaida aliambiwa kwamba pikipiki ni chombo chake pia, na jambo hilo lilikuwa na manufaa. Lakini tutazame tena picha zile. Watu wale wema wengi hawana kofia ya kinga, hawana glavu, wala hawana buti. Vazi la hatari lilivuliwa ili hatari yenyewe isikumbukwe. Brando aliwafundisha watu kulitaka koti bila pikipiki, na Honda iliwafundisha kuitaka pikipiki bila koti. Barabara haikuwamo katika somo la kwanza, wala haikuwamo katika la pili.

Aliyeruka na aliyeonekana

Mwaka 1963 ilitoka pia The Great Escape, filamu ya wafungwa wa vita wanaotoroka kambi ya Wajerumani. Steve McQueen huonekana akikimbia kwa pikipiki na kuuruka uzio wa seng'enge. Mruko huo ni miongoni mwa picha za pikipiki zinazojulikana zaidi duniani. Lakini aliyeruka hakuwa McQueen. Alikuwa rafiki yake, Bud Ekins, mwendeshaji hodari aliyechukua nafasi yake katika tendo lile la hatari. Aliyeonekana ni mmoja, aliyeruka ni mwingine.

Tungeweza kukomea hapo na kusema kwamba McQueen alikuwa sura tu, lakini tungemdhulumu. Mwaka 1964 yeye na Ekins walikuwa katika timu ya Marekani iliyokwenda Ujerumani Mashariki kushiriki mashindano yaleyale ya siku 6 tuliyoyataja juu. McQueen alivaa koti la Barbour, akaendesha katika matope, akaanguka, na hakuweza kumaliza. Huyu basi alikuwa mwigizaji ambaye pia alilijua vazi kwa mwili wake. Kwa siku chache alikuwa kielelezo kwa maana kamili ya neno hilo.

McQueen alifariki mwaka 1980. Katika karne hii ya 21, Barbour imeuza makoti na fulana zenye jina lake na picha zake. Hapa tunaona mzunguko uliokamilika. Mtu aliyelivaa koti ili asilowe amegeuzwa, baada ya kufa kwake, kuwa mwanamitindo asiyezeeka, asiyechoka, na asiyeweza kusema kama vazi jipya ni imara kama lile la zamani. Ushahidi wake wa mwaka 1964 ulihusu koti la mwaka 1964.

Yule aangukaye

Katika miaka ya 1970 mabingwa wa mbio walichukua nafasi kubwa katika matangazo. Kampuni ya Dainese ilianzishwa na Lino Dainese mwaka 1972 huko Molvena, Italia, nayo ikashirikiana na waendeshaji mashuhuri kutengeneza na kutangaza suti za ngozi. Bingwa naye hulipwa kama mwanamitindo, na hilo tusilifiche. Lakini pana tofauti moja, nayo ni kwamba bingwa huanguka.

Barry Sheene wa Uingereza alianguka huko Daytona, Marekani, mwaka 1975, akiwa katika mwendo wa karibu kilomita 280 kwa saa. Alivunjika paja na mifupa mingine kadha. Watu wa televisheni walikuwa pale wakitengeneza filamu juu yake, na habari za ajali ile zilienea nyumbani kwa watu. Baada ya wiki chache alirudi kwenye pikipiki, na mwaka 1976 na 1977 akawa bingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita za ujazo 500. Sheene alitumiwa pia kutangaza manukato ya wanaume. Mtu alipomwona akitangaza manukato, alimwona mwanamitindo. Mtu alipomwona amenyanyuka kutoka barabarani ndani ya suti iliyoparurika, alimwona shahidi. Sura ilikuwa ileile, ila uzito wa ushuhuda wake haukuwa mmoja.

Aidha, mashindano yaliwafundisha watengenezaji mambo ambayo chumba cha mpiga picha kisingewafundisha. Suti ya bingwa aliyeanguka hurudi kwa fundi, naye huona mshono upi umeachia na kiwiko kipi kimelika. Kwa njia hiyo vazi liliendelea kuboreshwa.

Uso na kofia

Pana jambo jingine ambalo historia hii yatuonyesha, nalo lahusu kichwa. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, askari na mwandishi aliyejulikana sana Uingereza, alifariki baada ya kuanguka kwa pikipiki yake ya Brough Superior. Hakuwa amevaa kofia ya kinga. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, aliguswa na kifo hicho, akaanza kuchunguza majeraha ya vichwa ya waendesha pikipiki wa jeshi. Alichapisha uchunguzi wake mwaka 1941, na mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha waendeshaji wake kuvaa kofia za kinga kazini. Raia wa nchi hiyo walilazimishwa na sheria mwaka 1973.

Sasa mwalimu na awaulize wanafunzi wake: mbona katika matangazo mengi ya makoti ya pikipiki mtu hana kofia, au ameishika mkononi? Jibu ni la kibiashara. Mwenye kiwanda amelipia uso, na kofia huuficha. Mwaka 2014 David Beckham, mchezaji mpira aliyestaafu, alikuwa sura ya matangazo ya Belstaff, kampuni ileile ya Longton ambayo sasa ilikuwa ikiuza mavazi ya anasa. Mtu wa namna hiyo akifunikwa kichwa chote, fedha zimepotea. Ndivyo ilivyo pia kwa zipu iliyoachwa wazi ili shati lionekane, na kwa glavu zilizovuliwa ili vidole vionekane. Hakuna aliyesema uongo kwa kinywa, lakini picha imemfundisha kijana kuvaa kinyume cha usalama wake.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha uchunguzi wa waendesha pikipiki 212 waliopata ajali. Waligundua kwamba nguo za kinga ziliwapunguzia watu majeraha, lakini waligundua vilevile kwamba karibu koti 3 kati ya kila 10 yalishindwa kustahimili ajali, kwa kuchanika, kutoboka au kufumuka. Suruali na glavu nazo hazikuwa mbali na hesabu hiyo. Yaani wapo watu waliojitahidi kununua kinga wakauziwa mfano wa kinga. Mwaka 2018 ulianza Australia na New Zealand mpango wa kuyapima mavazi hayo na kuwatangazia watu matokeo kwa alama za nyota. Huko Ulaya, kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2018 huyahesabu mavazi ya kinga ya pikipiki kuwa vifaa vya kumlinda mtu, na vipimo vilivyotolewa mwaka 2020 huyapanga katika madaraja ya AAA, AA, A, B na C. Daraja hilo huandikwa katika kibandiko kilichoshonwa ndani ya vazi, mahali ambapo mpiga picha hafiki.

Somo nyumbani kwetu

Wasomaji wanaweza kuuliza, haya ya Paris na California yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, wakati waendesha baiskeli walipowavusha abiria na mizigo yao kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili. Leo neno hilo ni la pikipiki, na wengi wa waendeshaji wake ni vijana tuliowafundisha wenyewe.

Hivi karibuni tulisimama kando ya barabara kungoja usafiri, akaja kijana mmoja akatuamkia, "Shikamoo, mwalimu." Tuliitikia, "Marahaba," kisha tukamtazama. Alikuwa amevaa koti jeusi mbele nyuma, mgongo wa koti uko kifuani, kama wafanyavyo wenzake wengi ili kuuzuia upepo wa alfajiri. Koti lilikuwa limechanika begani. Alitueleza kwamba alilichagua katika robota la mitumba kwa kuwa lilifanana na lile la mwigizaji aliyemwona pichani. Alipoteleza siku ya mvua, lile alilodhani kuwa ngozi likaambuka kama karatasi, na bega likabaki na kovu. Alicheka alipokuwa akitusimulia, lakini sisi hatukuweza kucheka. Tulikuwa tumemfundisha methali zisizopungua mia, wala hatukumfundisha kuisoma picha.

Tukiwatazama vijana wale tunaona pia jambo jipya. Mjini Kampala, kampuni ya SafeBoda, iliyoanzishwa mwaka 2014, iliwavisha waendeshaji wake kofia za kinga na vizibao vya rangi ya machungwa. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki waendeshaji huvaa vizibao ving'aavyo vyenye jina la kampuni ya simu au ya fedha. Kizibao hicho kina faida, kwani humfanya mtu aonekane usiku, na abiria huweza kumtambua aliyempakia. Lakini mara nyingi mgongo wa kijana yule umegeuka kuwa bango. Hutangaza mchana kutwa, katika jua na mvua, na ujira anaoujua ni nauli ya abiria wake. Kwa hiyo wapo wanamitindo wanaolipwa ili waonekane kama waendesha pikipiki, na wapo waendesha pikipiki waliofanywa wanamitindo pasipo kuulizwa.

Hitimisho

Tulianza na methali, na sasa yatupasa kuirudia. "Kizuri chajiuza" haina maana kwamba kila kinachotangazwa ni kibaya. Koti la Barbour la mwaka 1936 lilitangazwa, na Perfecto ya mwaka 1928 ilitangazwa, nayo yalikuwa makoti mazuri. Methali yatuambia kwamba uzuri wa kitu umo katika kitu chenyewe, na kwamba anayekitembeza hawezi kuuongeza wala kuupunguza. Mwanamitindo ameifanya kazi yake akitufanya tulitazame koti. Kazi iliyobaki, ya kuuliza kama koti lafaa, ni yetu, wala hawezi kutufanyia.

Walimu wenzetu, twapendekeza somo moja jepesi. Mwalimu na achukue tangazo lolote la mavazi, alibandike ubaoni, kisha awaulize wanafunzi maswali manne kwa Kiswahili sanifu. Aliyevaa ni nani? Je, hulitumia vazi hili katika kazi yake? Amelipwa ili alionyeshe, au analishuhudia? Ni kitu gani kimefichwa ili uso wake uonekane? Kwa maswali hayo wanafunzi watajifunza msamiati, watajifunza kubishana kwa adabu, na watajifunza kutofautisha kielelezo na mwanamitindo.

Na iwapo darasani yumo kijana anayetarajia kuendesha pikipiki, basi mwalimu amkumbushe methali nyingine: "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Amwambie alishike koti, aligeuze ndani nje, aupime mshono, alikwaruze kwa ukucha ajue kama ni ngozi au ni mpira uliopakwa rangi, atafute kibandiko, na apapase viwiko na mabega kama yana kinga. Akikwisha kufanya hivyo, hana neno, na atazame picha apendavyo.